Waliniambia mshale wa RPM ni urembo, nikaja kulipia gia boksi

Juzi usiku nilikuwa nimeshazima taa, simu ikalia. Ni mdogo wangu mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, msomaji wa siku nyingi, anatafuta gari lake la kwanza. Amekubali niuweke ujumbe wake hapa bila jina:

"Dada shikamoo. Nimepata Passo safi ila dashibodi yake haina ule mshale wa RPM. Kuna IST inao, lakini imezidi kwa laki tisa. Kaka zangu wanasema kwenye otomatiki mshale ule ni urembo, gia zinajiweka zenyewe, nisitupe hela. Wewe unasemaje?"

Nikawasha taa tena. Neno lililoniamsha ni urembo. Neno hilo hilo niliwahi kuambiwa ndani ya gari langu, usukani nimeushika mimi, na lilinigharimu milioni moja na laki mbili. Nikamjibu, "Marahaba mdogo wangu, nipe siku mbili." Halafu nikaona kuliko kumwandikia yeye peke yake niwaandikie wote, maana humu wengi wetu ni wale wale: tuna kigari kidogo cha kutupeleka kazini, tunakitunza kama yai, na kila siku tunapiga hesabu ya kile kikubwa kinachofuata.

Nianze kwa kuwapa haki yao wale kaka, kwa sababu hoja wanayo. Mshale wa RPM unakuonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ile 3 unayoiona ni elfu tatu, ndiyo maana pembeni pameandikwa x1000 kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani. Kwenye gari la manual, dereva mgeni anautazama ili ajue lini akanyage klachi apandishe gia. Kwenye otomatiki kazi hiyo inafanywa na gia boksi. Hata lile eneo jekundu kule mwisho ni kama halikuhusu: ukikanyaga mafuta mpaka chini, gari litapandisha gia lenyewe, na ukiweka fri, yaani N, ukapiga resi, kompyuta ya injini itakata mafuta kabla hujaleta maafa. Miaka yote ninayoendesha sijawahi kuufikisha mshale kwenye wekundu, na sina hamu.

Kwa hiyo kama unauliza, "Nauhitaji ili niweze kuendesha?" jibu ni hapana. Vitz yangu ya kwanza haikuwa nao. Niliiendesha miaka mitatu, Area D kwenda kazini na kurudi, tangu enzi zile wizara zinahamia huku na sisi watumishi tunapanga vyumba kwa bei za kutukomoa, na sikuwahi kuukumbuka. Kwenda nilikwenda, kurudi nilirudi.

Ila kuendesha ni kitu kimoja, na kujua gari lako linaumwa ni kitu kingine.

IST yangu ni ya 2004, injini ya 1.5, gia nne. Nilipoichukua nilianza kuutazama mshale kwa sababu tu ulikuwepo, kama mtu anayesoma kalenda ya ukutani akisubiri kunyolewa. Bila kukusudia nikazikariri tabia zake. Barabara ya Morogoro ikiwa tambarare, nikiwa 80, mshale unakaa kwenye elfu mbili. Nikifika 100, elfu mbili na mia tano. Kwenye vibao vya 50, ambako tochi za trafiki ziko vichakani, unakaa chini ya elfu mbili na gari linatembea kwa adabu. Hizi ni namba za gari langu, usizihamishie kwako. Lako lina matairi yake na gia boksi yake.

Siku moja naelekea Dar na wanangu. Tumesimama Kibaigwa kununua maji, tukaondoka. Kilomita chache mbele nikahisi gari linapiga kelele kuliko kawaida. Natazama, niko 80 na mshale unakaribia elfu tatu. Nikaongeza hadi 100, ukapita elfu tatu na nusu. Moyo ukaanza kunidunda. Nikakaza hivyo hivyo hadi Gairo, nikaegesha kando ya lori, nikafungua boneti nikasimama mbele yake. Sikujua natafuta nini, ila nilisimama kama anayejua. Dereva wa lori akaja, akachungulia ndani kabla ya kutazama injini.

"Mama, hii taa ya O/D OFF umeiwasha ya nini?"

Nilikuwa nimenunua maji huku mwanangu wa pili amekaa kiti changu, anacheza na kile kitufe kilicho ubavuni mwa mkono wa gia. Ukikibonyeza unaizima ovadraivu, yaani ile gia ya nne, gari linabaki na gia tatu. Nimetoka Kibaigwa mpaka Gairo kwa gia ya tatu nikichoma mafuta ya bure. Kitaa chenyewe cha rangi ya chungwa kilikuwa kinawaka kwenye dashibodi muda wote huo, nami sikukiona. Nilichokiona ni mshale. Nikabonyeza kitufe, tukaingia barabarani, nikafika 80, mshale ukashuka ukakaa kwenye mbili yake kama mzee aliyerudishiwa kiti chake.

Pale ndipo nilipoelewa kitu ambacho mafundi wengi hawana subira ya kumweleza mwanamke: mshale wa RPM peke yake hausemi kitu. Unasema ukiusoma pamoja na ule wa spidi. Mmoja ni injini, mwingine ni magurudumu, na aliyeko katikati yao ni gia boksi, ambayo haina mshale wake. Ukitaka habari za gia boksi, tazama hao wawili wanavyoelewana.

Sasa nije kwenye lile lenye uchungu.

Mwaka jana mwezi wa saba tulikwenda Iringa kupeleka barua ya posa ya mdogo wake mume wangu. Mume wangu alikuwa safari ya kikazi, kwa hiyo dereva mimi. Nyuma mama mkwe na shangazi wawili, mbele shemeji yangu mkubwa, msemaji wa familia, aliyevaa koti tangu Dodoma ingawa jua lilikuwa linawaka. Shemeji ni mtu wa manual. Amewahi kuendesha magari ya mradi miaka ya nyuma na hadi leo anashika mkono wa gia wa otomatiki kana kwamba anautuliza.

Dodoma mpaka Iringa ni kama kilomita 260, lami tupu, na sehemu mbili za kukutoa jasho. Ukitoka Dodoma unateremka Fufu, unavuka Mtera juu ya tuta la bwawa, unapita Migori kwenye mibuyu na joto la tanuri, halafu unaanza kuupanda mlima Nyang'oro. Ni pale Nyang'oro, wakati wa kwenda, nilipoona kitu. Gari lilipotoka gia ya tatu kurudi ya pili, mshale uliruka mpaka 4,500, ukakaa hapo kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, halafu gia ikashika kwa mshtuko mdogo. Kikombe cha chai ya shangazi kikatikisika.

"Umeuona?" nikamuuliza shemeji.

"Nini?"

"Mshale."

Akacheka. "Shemeji, hili gari ni otomatiki. Huo mshale wameweka urembo tu, kama hereni."

Wakacheka wote mpaka mama mkwe. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba na mimi nilicheka.

Ya Iringa nayaruka, barua ilipokelewa, tulikula tukashiba. Kurudi ndiko kuliko na habari. Kuteremka Nyang'oro nilibonyeza kile kitufe, nikazima ovadraivu, na penye mteremko mkali nikavuta mkono mpaka 2. Mguu nimeutoa kwenye mafuta, breki naigusa kwa mbali. Mshale ulikuwa 3,500 na injini inavuma. Shemeji akaruka: "Unaua injini! Weka D!" Nikamweleza kwamba ndivyo malori yanavyoteremka, injini inalishika gari. Akasema malori ni malori. Shangazi mmoja akasema, "Mwanangu, msikilize mwenzio." Nikaweka D. Tulipofika Migori breki zilikuwa zinanuka hadi tukashusha vioo.

Hapa niweke kitu ambacho wengi hawakijui, hata wale wanaojiita madereva wa siku nyingi. Gari la nozeli (si la kabureta) likiwa kwenye gia, mguu ukautoa, na mshale uko juu, tuseme 2,500 au 3,000 kwenye mteremko, kompyuta inafunga nozeli. Petroli haiingii. Injini inazungushwa na magurudumu. Ukiweka fri, mshale ukashuka hadi 700, unaona umeokoa mafuta, kumbe ndiyo kwanza unayatumia, kwa sababu sasa injini inahitaji petroli ili isizime. Na breki umeziachia kazi yote peke yake. Mshale kuwa juu si lazima uwe unachoma mafuta. Nimelisema hilo mara nyingi sana kwenye meza za harusi na bado naambiwa nabisha.

Mtera tukala samaki. Tukaanza kuipanda Fufu saa kumi jioni, jua liko kushoto kwetu.

Mguu wangu uko pale pale. Mlio unapanda. Mshale wa RPM 3,000, ukaenda 3,800, ukafika 4,500. Mshale wa spidi ulikuwa 60. Ukawa 50. Ukawa 40. Lori la mahindi lililokuwa nyuma yetu likatupita, tandiboi amekaa juu ya magunia anatuangalia.

"Shemeji, mshale unapanda, gari halipandi."

"Ni mlima. Ongeza mafuta."

Nikaongeza.

Hata leo nikipita kona ile naikumbuka harufu iliyokuja baada ya hapo, kama sufuria lililosahaulika jikoni na maharage ndani. Tulifika Dodoma. Nikaegesha, nikalala. Kesho yake mjini, tambarare, gari likaenda vizuri, nikajiambia kweli ilikuwa mlima. Nikaendesha wiki tatu. Wiki tatu nzima kila nikiondoka kwenye taa mshale unaruka kwanza, gari linafuata baadaye. Niliuona kila siku. Nikapeleka gereji moja, sitaitaja, wakanimiminia oili nyekundu ya kopo lisilo na jina wakasema tatizo ni sensa, kile kidude cha kupimia. Asubuhi moja naelekea Mtumba, nimefika Ihumwa, nikasimama kupisha ng'ombe wavuke. Kuondoka, nakanyaga, injini inalia, gari limesimama. Wachunga ng'ombe wakanisukuma pembeni. Mmoja akaniuliza kama mafuta yameisha.

Likavutwa hadi Kizota kwa fundi mzee niliyeelekezwa na jirani. Nilimkuta amekaa kwenye tairi anakula karanga.

"Mbukwa, mzee."

"Mbukwa, mwanangu. Limeacha kwenda?"

Hakuchomeka mashine yoyote. Alichomoa dipstiki ya gia boksi, akaifutia kwenye karatasi nyeupe ya chooni, akanipa ninuse. Oili inayotakiwa kuwa nyekundu na angavu ilikuwa rangi ya kahawa, na kwenye karatasi ilikuwa imeacha vumbi jeusi laini. "Hizo ni klachi zako," akasema. Akaigeuza dipstiki akanionyesha maandishi yaliyochongwa kwenye chuma: T-IV. "Wenye gari wamekuandikia oili wanayoitaka. Hao wengine walikuwekea wanayoiuza." Kisha akalala chini ya gari, akaniita na mimi niiname na sketi yangu ya ofisini. Pale mpira unaopeleka oili kwenye rejeta umebanwa na klipu, palikuwa na ufa wa kucha moja, na kuzunguka ufa tope jeusi, vumbi la Dodoma lililolowana oili kidogo kidogo kwa miezi.

Akanieleza kwa viganja vyake viwili. Kwenye otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga kati ya injini na gia. Kuna kitu kama chungu kilichojaa oili, ndani yake mapanga mawili yanatazamana kama feni. Injini inazungusha la kwanza, linaisukuma oili, oili inasukuma la pili. Baada ya hapo, ndani ya gia boksi, kuna klachi ndogo nyembamba zinazobanwa na mgandamizo wa oili hiyo hiyo. Oili ikipungua, na hasa kwenye mlima inapohamia upande mmoja, pampu inavuta hewa, mgandamizo unaanguka, klachi zinateleza. Zikiteleza zinapata moto, zikipata moto zinaungua, na zikishaungua hakuna oili itakayozirudisha. Wakati zinateleza, injini haina mzigo, basi inazunguka tu. Ndiyo maana mshale unapanda.

"Haikukuonyesha?" akaniuliza.

Nikamwambia ilinionyesha.

Mpira ule mpya ni shilingi elfu kumi na nane. Gia boksi ya mtumba ikanitoka laki nane na nusu, na ufundi, oili, kuvutwa na vikorokoro vingine vikafikisha milioni moja na laki mbili, hela niliyokuwa naiweka kidogo kidogo kwa ajili ya kigari kikubwa. Shemeji nilimwambia. Alisema, "Magari haya ya siku hizi ni mayai." Desemba kwenye harusi yenyewe akawasimulia watu wa meza yetu jinsi shemeji yake alivyoua gia boksi kwa kuteremka mlima na namba mbili. Watu wakatikisa vichwa. Sijamsamehe vizuri, na naandika hapa kwa uhuru kwa sababu najua hasomi.

Basi, kwa mdogo wangu wa Nkuhungu na wenzake, yale machache ninayoyajua.

Jifunze namba za gari lako likiwa zima. Chagua barabara tambarare, 80 isiyobadilika, tazama mshale uko wapi, kumbuka. Siku ukikuta uko juu zaidi kwa spidi ile ile, kwanza angalia taa ya O/D OFF, na kama una watoto waulize. Kama haiwaki, mshale ukiruka na gari likachelewa kufuata, usimalize siku. Simama, pima oili ya gia boksi: gari liwe limepata moto, injini inaunguruma, mkono umeupitisha kwenye gia zote ukaurudisha P. Kuna alama ya HOT na ya COLD, usizichanganye. Kuna magari hayana dipstiki kabisa, hayo fundi anapima kwa chini.

Uutazame pia asubuhi. Miezi hii ya sita na ya saba ambayo upepo wa Dodoma unakata masikio, ukiwasha gari mshale unakaa 1,300 hivi au zaidi, halafu unashuka taratibu injini ikipata joto mpaka 700 na kitu. Hiyo ndiyo afya yake. Ukiwasha AC unaongezeka kidogo au unatulia pale pale. Ukiona unacheza juu chini gari likiwa limesimama, yaani sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, anza na vitu vya bei ndogo: ea klina iliyojaa vumbi letu, troto chafu, plagi. Usikubali kuuziwa kompyuta siku ya kwanza.

Na usimwogopeshe mtu mwenye CVT. Hili nalisema kwa sababu baada ya yaliyonikuta nilikuwa nabii wa gia boksi, nikamwambia rafiki yangu wa ofisini kwamba gari lake jipya linateleza, akakosa usingizi siku mbili. Kumbe lake halina gia za hatua, lina mkanda unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Ukikanyaga, mshale unakwenda tuseme 3,000 na kubaki hapo, huku spidi inaongezeka yenyewe. Ndivyo lilivyoumbwa. Kwenye CVT usitafute mshale kupanda na kuanguka, tafuta kama spidi inaongezeka kweli. Ikiongezeka, mwache mwenzio alale. Nilimnunulia soda.

Nikiulizwa nichague kati ya mshale wa RPM na wa joto la injini, nachukua wa joto bila kufikiri, kwa milima yetu na jua letu. Na hilo nalisema nikiwa mtu niliyepigwa na ule mwingine.

Lakini dada zangu, na kaka zangu pia, niruhusuni. Wengi wetu hatushindwi kuona, tunashindwa kusimamia tulichokiona. Unaendesha wewe, mafuta umeweka wewe, mkopo unakatwa kwenye mshahara wako, halafu mtu aliyekaa kiti cha abiria anakwambia kile unachokiona ni urembo, nawe unacheka ili safari iwe tamu. Usicheke. Egesha. Waache wakasirike pembeni ya barabara dakika kumi, waache waseme una kiburi, shangazi atakunywa chai yake iliyobaki. Mimi ningeegesha pale Fufu ningeongeza lita moja ya oili na kufunga mpira kwa kitambaa mpaka mjini, na leo ningekuwa nawaandikia habari nyingine kabisa. Heshima kwa wakubwa naijua, nimelelewa nayo. Heshima hiyo haikuwepo siku ninasukumwa na wachunga ng'ombe Ihumwa.

Nimeshusha pumzi. Turudi kwenye Passo.

Usiongeze laki tisa kwa ajili ya mshale. Kama IST ni bora kwa mambo mengine, kwa injini, kwa nafasi, kwa historia yake, hiyo ni hesabu nyingine. Mshale unaweza kuupata kwa bei ya mlo wa watu watatu: kuna kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinaongea na simu kwa bluetooth, kinakuonyesha RPM na joto la injini kwenye skrini. Kwenye baadhi ya magari ya zamani ya Japani kinagoma, kwa hiyo kijaribu kabla ya kulipa. Na masikio unayo. Gia inapoteleza mlio unapaa kwanza, gari linakuja nyuma, huhitaji mshale kulisikia hilo ukishalizoea.

Kitu nilichotaka kukijua zaidi ni mwaka wa hiyo Passo, kwa sababu za kuanzia 2010 ni za CVT na za nyuma yake zina gia nne, na namna ya kuzijaribu si moja. Amenijibu jana: ni ya 2007. Basi tutaijaribu hivi. Tutaiwasha ikiwa ya baridi, mguu kwenye breki, mkono kutoka N kwenda D, tuhesabu inachukua muda gani kushika. Ikipita sekunde mbili hivi, tunashukuru tunaondoka. Kisha barabarani, kukanyaga kwa upole kuanzia sifuri hadi 80, tusikilize mlio ukipanda na kuanguka, ukipanda na kuanguka, mara tatu zilizo safi, halafu kushuka kwingine kidogo gari linapotulia. Mlio ukipaa mahali kabla ya kuanguka, tunashukuru tunaondoka. Na tutachungulia chini ule mpira wa rejeta. Tochi ninayo, na safari hii nitavaa suruali.

Tumepanga Jumamosi saa moja na nusu asubuhi. Mdogo wangu, mpigie muuzaji leo hii umwambie asiliwashe kabla hatujafika. Nitakapofika nitaweka kiganja kwenye boneti kabla ya kumsalimia.